Usiku wa Manzese una Wenyewe

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)



Juzi nilirudi Manzese baada ya miaka mingi ya kuishi mikoani. Siku hizi Manzese imehesabiwa katika Wilaya ya Ubungo, lakini enzi zangu ilikuwa Kinondoni, na ulimi wangu bado unasema Kinondoni. Jioni mpwa wangu akanipeleka kwenye baa moja kando ya Barabara ya Morogoro, mahali ambapo mtu anaweza kukaa na kutazama mabasi ya mwendokasi yakipita. Mpwa wangu huyu ni mfanyabiashara wa nguo Kariakoo. Kabla wenzake hawajahamia Guangzhou, yeye alikuwa akienda Bangkok kununua mzigo katika maduka ya Pratunam, na hata sasa huenda kila mwaka.

Akaanza kunisimulia Bangkok ya usiku. "Mjomba, kule usiku haulali. Kuna mtaa unaitwa Silom, una vichochoro vya baa tupu, na katika vichochoro hivyo wanaume wanacheza na wanaume, wanashikana mikono, polisi anapita na hamwulizi mtu. Watalii wanatoka Ulaya na Marekani kwa ajili hiyo tu." Kisha akashusha sauti, akatazama kulia na kushoto, akasema, "Mambo hayo sasa yanataka kuletwa kwetu."

Nilinyamaza kidogo. Halafu nikamwuliza, "Mwanangu, yaletwe kutoka wapi?"

Ndugu msikilizaji, swali hilo ndilo mazungumzo yangu ya leo. Najua ni jambo ambalo watu wazima hulizungumza kwa kunong'ona, au kwa matusi. Mimi nataka nilizungumze kwa sauti ya kawaida, kama tunavyozungumza habari nyingine za historia ya mji wetu.

Nilifika Manzese mwaka 1979, kijana wa miaka ishirini, kufanya kazi katika kiwanda cha nguo cha Urafiki, kile kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Manzese wakati huo ilisifika kuwa mtaa mkubwa kuliko yote ya watu waliojijengea wenyewe bila kupimiwa viwanja. Serikali ilikuwa imeachana na sera ya kubomoa nyumba hizo, na kwa mkopo wa Benki ya Dunia ilikuwa ikituletea barabara, maji na shule. Nyumba zetu zilikuwa za Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani jiko na choo cha wote. Katika nyumba ya namna hiyo hakuna siri. Jirani akikohoa unajua, akilala na njaa unajua, na akipata mgeni usiku unajua. Kwa hiyo watu walijifunza stara: unajua, lakini husemi.

Na usiku wake! Mshahara ukitoka, Barabara ya Morogoro yote ilikuwa muziki. Mlimani Park walianza mwaka 1978, na Ubungo kwenye ukumbi wa White House walikuwapo Maquis. Ukipanda mbele zaidi, Kimara, unawakuta Safari Sound. Ukirudi mjini, Magomeni Kondoa kuna ukumbi wa DDC. Asiye na nauli alibaki Manzese kwenye chibuku na komoni, au alifuata mdundiko wa harusi unaopita mtaani na umati nyuma yake.

Katika nyumba niliyopanga, chumba cha mbele kushoto aliishi mwanamume mmoja aliyetoka pwani ya kaskazini. Jina lake nalihifadhi. Nitamwita Fundi, kwa sababu alikuwa fundi wa hina. Alifunga kanga kiunoni, alitia wanja, na mwendo wake ulikuwa wa madaha. Harusi za mtaani hazikufanyika bila yeye. Ndiye aliyempaka bibi harusi hina na piko, ndiye aliyesimamia sufuria la pilau la watu mia, na taarabu ikianza ndiye wa kwanza kusimama kutunza. Akina mama walimwita "shoga", na yeye aliwaita hivyo hivyo. Wanaume walimcheka mchana. Baadhi ya hao hao waliomcheka mchana waligonga mlango wake usiku, na sisi wa vyumba vingine tuliwasikia, tukageukia ukutani.

Ndugu msikilizaji, litazame vizuri neno hilo, "shoga". Mpaka leo mwanamke wa Manzese humwita rafiki yake kipenzi shoga, bila aibu yoyote. Maana ile ya pili, ya mwanamume kama Fundi, watu hudhani ni ya juzi. Sivyo. Mmisionari Mwingereza aitwaye Edward Steere alichapa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Humo aliandika kwamba shoga ni rafiki, na kwamba neno hilo hutumiwa na wanawake kwa wanawake. Kisha akaongeza kwamba huko Lamu neno hilo hilo lina ile maana ya pili. Huo ni mwaka 1870. Hapakuwa na ndege za watalii, wala sinema, wala redio hii ninayozungumzia. Televisheni kwetu Bara ilianza mwaka 1994, na mimi nilimkuta Fundi mwaka 1979 akiwa mtu mzima mwenye sifa na wateja wake.

Basi kama watu hawa si wageni, kilichokuja kutoka nje ni nini?

Kwanza, ni sheria. Mwaka 1860 watawala wa Kiingereza waliandika Kanuni ya Adhabu ya India, na ndani yake wakaweka kifungu cha 377, kinachokataza tendo "kinyume cha maumbile". Maneno hayo yakasafiri na bendera yao katika makoloni mengi. Yalipofika Tanganyika yakaingia katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 154, na adhabu yake ilikuwa kifungo cha miaka 14. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulibadili bendera, tukabadili wimbo, lakini kifungu hicho tukakirithi kama tulivyokikuta. Waingereza wenyewe walianza kukilegeza kwao mwaka 1967. India, kilikoandikwa kwanza, Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ilikiondolea makali mwaka 2018 kwa watu wazima wanaoridhiana.

Sisi tulikwenda upande mwingine. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, ambayo wengi wanaijua kwa jina la SOSPA. Ilikuwa sheria iliyopiganiwa na wanaharakati kwa ajili ya wanawake na watoto wanaobakwa, na katika hilo iliwafaa wengi. Lakini ndani ya sheria hiyo hiyo adhabu ya kifungu cha 154 ilipandishwa kutoka miaka 14 hadi kifungo cha maisha, au kwa uchache miaka 30. Hivyo mtu mzima aliyeridhiana na mtu mzima mwenzake akawekwa mizani moja na mbakaji. Zanzibar nayo ilikaza sheria yake mwaka 2004, na safari hii ikawataja wanawake pia.

Pili, ni tabia ya kuutafutia usiku mchawi. Na hii, ndugu msikilizaji, ina historia ndefu katika mji wetu. Wakati wa Waingereza ngoma za mjini zilitakiwa kuwa na kibali, na beni ilitazamwa kwa jicho baya kama chanzo cha fujo. Baada ya Uhuru ikaja zamu ya nguo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi na suruali za kubana vikapigwa marufuku hapa Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka huo huo muziki wa soul nao ukapigwa marufuku. Hoja ilikuwa ile ile kila mara: ni utamaduni wa kigeni, unaharibu vijana. Leo bibi aliyekimbizwa Kariakoo kwa sababu ya kimini ana wajukuu, na anawafokea kwa sababu ya vigodoro.

Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi. Wakubwa wenzangu mnaikumbuka. Asiye na kitambulisho cha kazi alihesabiwa mzururaji, akakamatwa na kupakiwa kwenye lori kupelekwa kijijini akalime. Usiku mmoja mgambo waliingia nyumbani kwetu. Sisi wa Urafiki tulionyesha vitambulisho. Fundi hakuwa nacho; hina haina kitambulisho. Mgambo mmoja akacheka, akamvuta kanga. Mama mwenye nyumba, mjane wa Kizaramo aliyekuwa na leseni ya kuuza maandazi, akatoka chumbani kichwa wazi, akasema, "Huyo ni mwanangu, ndiye anayenikandia unga. Mkimchukua, nichukueni na mimi." Mgambo wakatazamana, wakaenda nyumba ya pili.

Nilijifunza usiku ule kwamba stara haiishii katika kunyamaza. Kuna wakati inabidi mtu atoke kichwa wazi na kusema neno. Nilijifunza, lakini somo halikunikaa, kama nitakavyoeleza.

Turudi kwanza Bangkok, maana sitaki mpwa wangu adhani namkatalia safari yake. Thailand haikutawaliwa na Mzungu. Ajabu ni kwamba nayo, katika kutaka kuonekana nchi yenye sheria za kisasa, iliandika katazo kama hilo mwaka 1908, kisha ikaliondoa katika kanuni mpya ya mwaka 1956. Kwa hiyo walikuwa nalo kwa muda wa nusu karne hivi, wakaliacha. Tarehe 23 Januari 2025 nchi hiyo imekuwa ya kwanza Kusini Mashariki mwa Asia kuruhusu ndoa ya watu wa jinsi moja.

Lakini zile baa alizoziona mpwa wangu zina historia nyingine, na si yote ya kusifiwa. Wakati wa vita vya Vietnam wanajeshi wa Marekani walipelekwa Thailand kupumzika, na starehe za Bangkok na Pattaya zikapanuka kufuata mifuko yao. Vita vilipokwisha walifuata watalii. Wengi wa vijana wanaohudumia usiku ule, wake kwa waume, wanatoka majimbo maskini ya kaskazini mashariki, na wanatuma fedha nyumbani kama vijana wetu wanavyotuma Singida na Lindi. Mgeni anaondoka na kumbukumbu nzuri, na kijana wa watu anabaki na kodi ya chumba. Sheria imewapa uhuru, na uhuru ni jambo kubwa, ila uhuru huo katika vichochoro vile umefungwa bei mkononi.

Fundi wetu hakuwa onyesho la watalii. Hakuna mtalii aliyefika Manzese kumtazama. Alikuwa mtu mwenye kazi mtaani, aliyejua ukoo wa kila bibi harusi na nani asikae karibu na nani. Sisemi alikuwa na raha. Alitukanwa, alipigwa mawe na watoto, na mara mbili alirudi asubuhi uso umevimba. Nasema tu kwamba alikuwa na nafasi, na kila mtu aliijua nafasi hiyo.

Hebu tuitazame Zanzibar pia, maana huko ndiko utalii na jambo hili vilikokutana waziwazi. Tarehe 5 Septemba 1946 alizaliwa Unguja mtoto aliyeitwa Farrokh Bulsara. Dunia ilimjua baadaye kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Familia yake iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, naye alifariki London mwaka 1991 kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI. Septemba 2006 ilipangwa sherehe Unguja ya kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe. Jumuiya ya UAMSHO ikapinga, kwa sababu ya mwenendo wa marehemu na kwa kuhofia watalii wa aina yake, na sherehe ikafutwa. Miaka 13 baadaye, mwaka 2019, ilifunguliwa nyumba ya makumbusho yake huko huko Shangani, na mgeni anaingia kwa kiingilio. Basi jina la mtu huyu lilikuwa haramu kwa sherehe ya wenyeji, likawa halali kwa dola ya mgeni. Tukitaka kuzungumza habari ya utamaduni, tuanze kujiuliza hapo.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Miaka michache baadaye ugonjwa ulikuwa Manzese, na tulizika karibu kila juma. Remmy Ongala alitunga wimbo wa kuhimiza kinga, "Mambo kwa Soksi", na redio ya taifa haikuupiga. Fundi alianza kuugua mwaka 1991. Alikwenda hospitali moja hapa mjini, sitaitaja. Huko mhudumu akamwuliza mbele ya foleni nzima maswali ambayo hayaulizwi mbele za watu, na foleni ikacheka. Fundi akaondoka, na hakurudi tena hospitali yoyote.

Mimi nilimtembelea mara moja. Nilisimama mlangoni, sikukaa. Niliogopa ugonjwa, maana tulikuwa hatujui mengi. Lakini niliogopa zaidi kuonekana natoka chumbani mwake. Alifariki mwaka 1993. Nilikuwapo mjini siku ya maziko, na sikwenda.

Siku hizi dawa zipo, na zimekuwa zikitolewa bure tangu 2004. Mtu mwenye virusi anaweza kuzeeka na kucheza na wajukuu. Lakini dawa haimfuati mtu anakojificha. Uchunguzi uliofanywa Unguja mwaka 2007 ulikuta virusi kwa watu wapatao 12 katika kila 100 wa kundi hili la wanaume, wakati kwa watu wazima wa Zanzibar kwa jumla hawakufika hata mmoja katika 100. Na baadhi ya wanaume hawa wana wake. Anayedhani moto huu unaunguza chumba kimoja tu hajawahi kuishi nyumba ya Kiswahili.

Pamoja na hayo, Februari 2017 Serikali ilisimamisha huduma za vituo 40 vilivyokuwa vikiwahudumia watu wa makundi haya. Mwishoni mwa Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kamati ya kuwasaka, akawataka wananchi wapeleke majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilisema hayo yalikuwa maoni yake binafsi, si sera ya Serikali. Lakini majina yalikwisha kuombwa, na jirani alikwisha kufundishwa kumtazama jirani kwa kalamu mkononi.

Nikamwuliza mpwa wangu: "Kama wangekuja 1983 na karatasi ya majina, mama mwenye nyumba angeandika nini?" Hakunijibu. Alizungusha chupa yake mezani.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuitafuta ile nyumba. Haipo. Pamejengwa duka la vifaa vya ujenzi, mabati na nondo. Lakini nyuma yake nilimkuta binti wa yule mama, sasa mtu mzima, anauza maandazi kama mama yake. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu."

Tukaulizana habari za watu, nani yupo na nani hayupo. Mama yake alifariki mwaka 2001. Kisha bila kukasirika, akifunga maandazi kwenye gazeti, akasema, "Mjomba, siku ile ya Fundi tulikosa watu wa kubeba jeneza. Mama alikutuma uitwe. Tukabeba na akina mama mpaka barabarani, ndipo sheikh akaleta vijana."

Sikuwa na la kusema. Nilimwomba radhi yeye, kwa kuwa mwenyewe wa kuombwa radhi hayupo.

Ndugu msikilizaji, dini zetu zina hukumu zake, na mimi si mufti wala askofu. Bunge lina wajumbe wake, na kifungu cha 154 wenye kukitunga na kukibadili ni wao. Ninalokuomba ni dogo, na liko katika uwezo wako. Usipeleke jina la jirani. Akiugua, mpeleke hospitali, na wanaocheka kwenye foleni uwanyamazishe. Akifa, nenda ukabebe. Na mtu akikwambia kwamba watu hawa wameletwa na ndege ya jana, mwambie akasome Steere, au aje Manzese awaulize wauza maandazi.

Nakutakia usiku mwema. Kwaheri mpaka juma lijalo.